Alikuja Kumlea Mjukuu Mmoja

Umewahi kusonga ugali ukiwa na mtoto mgongoni, mwingine ameng'ang'ania sketi yako, na wa tatu yuko mlangoni analia kwa sababu mama yake ndiyo kwanza amekata kona? Kama hujawahi, pita Lyamkena, Makambako, asubuhi kabla jua halijashika bati. Ulizia kwa Bibi Tandala. Hata dereva wa bodaboda aliyehamia juzi atakupeleka, na nyumba ataijua kwa kelele.

Saa kumi na mbili kasoro, upepo wa Makambako unavuma kama umetumwa. Beatrisi Tweve, ndiye huyo Bibi Tandala, mwenye miaka sitini na saba, amechuchumaa mbele ya debe lililoshindiliwa maranda ya mbao, jiko ambalo likishika moto halizimiki upesi. Juu yake kuna sufuria ya uji wa ulezi. Anakoroga kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ameukandamiza kiunoni, pale panapouma.

Mgongoni yuko mjukuu wake wa mwisho, wa miezi minane. Wajukuu wawili wengine bado wamelala ndani.

Mama wa kwanza kufika ni Hyasinta, binti wa miaka ishirini na mbili kutoka Ludewa, anayeosha vyombo katika hoteli moja ya stendi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Amelala huyo?"

"Hajalala bibi. Meno."

"Meno, au wewe ndiye hujalala?"

"Wote wawili," anajibu Hyasinta, na kupiga mwayo mpaka machozi yanamtoka.

"Haya, nipe. Kitenge kiko wapi?"

Hyasinta anatoa kitenge kwenye mfuko. Beatrisi anakipeleka puani, ananusa upindo mmoja, ananusa wa pili, kisha anamrudishia.

"Umekifua."

"Kidogo tu bibi. Kilikuwa na mchuzi."

"Huo mchuzi ndio mama yake. Nipe hicho ulichojifunga."

Binti anafungua kitenge kiunoni huku anacheka, anabaki na sketi na sweta, na anaondoka mbio akijikunyata na baridi. Mtoto analia mara mbili, anazika uso kwenye kitambaa, ananyamaza.

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya nyumba hii. Kila mtoto huja na kitenge cha mama yake, na kiwe kimevaliwa, kisiwe kimefuliwa. Ukutani kuna misumari mingi, na kila msumari una kitenge chake. Mtoto akisumbuka, Beatrisi hachagui mbeleko yoyote iliyo karibu. Anakwenda kwenye msumari wa mama yake, anambeba kwa hicho, na mtoto anajiona yuko mgongoni kwa mama.

"Mwaka juzi kuna mmoja alikileta kimepigwa pasi, kinanukia sabuni ya maua," anasema. "Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Jioni mama yake ananiuliza, bibi ulimpiga? Nikamwambia, wewe ndiye uliyempiga, tena kwa pasi."

Kabla mwanga haujakamilika wamefika kumi na wanne. Jackline, mkwewe, anatoka chumbani akijifunga kilemba. Gari la kuchukua wafanyakazi wa ghala la parachichi halimsubiri mtu, na ghala lenyewe liko mbali, barabara ya kwenda Njombe. Kutwa nzima huko anasimama akichambua parachichi, kubwa huku, ndogo kule, zenye doa pembeni.

"Mama, mchele uko kwenye ndoo ya bluu. Na dawa ya goti unywe, mama."

"Nitakunywa."

Hainywi. Dawa inamletea usingizi, na mwenye watoto wa watu hasinzii.

Kila mama hutoa shilingi elfu moja kwa siku, akiwa nayo. Asiye nayo huleta sabuni, mkaa, au parachichi zilizokataliwa ghalani. Zikiisha kununuliwa ulezi, sukari na maziwa, kinachobaki ni kidogo, na Beatrisi hakilalamikii.

"Parachichi hizi wazungu wamezikataa eti zina alama," anasema akiziponda kwa kijiko. "Hawa wangu wana alama wenyewe, hawakatai kitu."

Anacheka kidogo, kisha anakaa chini. Anakaa kwa hatua: kwanza mkono ukutani, halafu goti moja, halafu la pili, halafu pumzi.

Beatrisi hakuja Makambako kufanya kazi. Kwao ni Tandala, wilaya ya Makete, katika kitongoji kilicho juu kidogo ya barabara, ambako mwezi wa saba asubuhi majani huwa meupe kwa barafu. Yeye na marehemu mumewe, Abel, walilima viazi, ngano na pareto. Walizaa watoto watano. Wawili walitangulia mbele ya haki. Waliobaki wako Dar es Salaam, Tunduma, na huyu Sila wa Makambako, fundi wa matairi ya malori kando ya barabara kuu.

Sila alipopata mtoto wa kwanza, Praygod, alimwita mama yake aje amuuguze mzazi. Beatrisi alibeba mfuko mmoja, akafunga mlango, akamwachia ufunguo wifi yake Bertila, dada wa Abel, akamwambia atarudi viazi havijachanua.

Praygod sasa ana miaka mitano.

Mtu wa nje atauliza, kwa nini asiage tu akaondoka? Lakini katika ukoo wao mama aliyeitwa kwenye uzazi hajiagi mwenyewe. Husubiri kuagwa. Wenye mtoto wakiona mzazi amepata nguvu, humchinjia kuku, humfunika blanketi jipya mabegani na kumwambia, "Mama, umetulelea, sasa kalale." Anayeondoka kabla ya hapo husemwa kwamba amemkimbia mtoto, na neno hilo hukaa na mtu mpaka kaburini. Mama yake Beatrisi alisubiri akaagwa. Bibi yake naye vilevile.

Mwaka ule wa kwanza, mwezi wa sita, Sila alipitia sokoni akanunua blanketi zito la rangi ya damu ya mzee. Akamkuta mama yake jikoni, akamtandazia mabegani.

"Jifunike mama," alisema.

Beatrisi alijawa na furaha. Alishangaa kidogo kwamba kuku hayupo, akajisemea mjini kuku ni ghali. Alifagia alipokuwa analala, akakunja nguo zake, akammiminia Praygod mabusu mashavuni. Kulipokucha Sila alimkuta mlangoni amevaa viatu, mfuko kichwani, anasubiri kusindikizwa kwenye basi la Makete.

"Mama! Unakwenda wapi na baridi hii?"

"Si mmeniaga?"

"Nani kakuaga? Mimi nimekununulia blanketi kwa sababu ya baridi!"

Jackline alicheka mpaka akakaa chini. Yeye ni Mpangwa wa Ludewa, kwao hakuna habari hiyo ya blanketi. Sila naye aliondoka Tandala akiwa kijana mdogo, na mambo ya uzazi wanaume hawayasikilizi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Beatrisi mwenyewe alicheka, akarudisha mfuko chini ya kitanda.

"Nilicheka kwa mdomo," anasema. "Tumbo halikucheka."

Baada ya Praygod alikuja Denis. Baada ya Denis, huyu wa mgongoni. Na katikati ya hao wakaja wa majirani.

Alipofika, nyuma ya nyumba ya Sila kulikuwa na shamba la mahindi. Leo huwezi kuona hata bua. Vyumba vya kupanga vimeota pande zote, mlango kwa mlango, na kila mlango una kamba ya nepi. Wapangaji ni vijana watupu: wa Ludewa, wa Wanging'ombe, wa Mbarali, wa Makete kwenyewe. Wanakuja kwa sababu malori yanasimama hapa, na panaposimama lori pana mtu wa kupakia, wa kupika, wa kuziba pancha, wa kuuza vocha. Wakipata chumba wanapata mwenzi, na wakipata mwenzi wanapata mtoto.

"Sisi wote tulikuja kutafuta maisha, mama zetu tukawaacha nyumbani," anasema Erica, muuza mitumba, ambaye mapacha wake wanashinda hapa. "Tulipozaa ndipo tukakumbuka kumbe mama ana kazi."

Mama mmoja alimwomba Beatrisi amshikie mtoto siku moja tu, ana kibarua cha kuchambua vitunguu. Kesho yake akaleta tena, na mwenzake kamfuata. Leo shule ya jirani darasa la awali linaingia kwa zamu, asubuhi kundi moja, mchana kundi jingine, na wengi wao wamejifunzia kutembea kwenye sakafu hii. Beatrisi anawaangalia wanavyotambaa na kuwagawia kazi zao za baadaye. Huyu anayesukuma ndoo atakuwa dereva. Yule asiyetoa kitu mkononi, huyo ni Mkinga mwenzangu, sisi watu wa biashara, mpeni duka.

"Watu wa kazi wapo," anasema. "Nimewajaza humu ndani. Lakini nani kati yao atashika jembe kule kwetu?"

Habari za kwao anazipata kwa simu. Bertila, mwenye miaka sabini na kitu, hupiga jioni, watoto wakiisha kuchukuliwa. Na wifi ni wifi, hata akizeeka.

"Wewe mwanamke, umeolewa mara ya pili huko?"

"Nimeolewa, wifi. Na wanaume kumi na wanne, wote hawana meno."

"Mahari kapokea nani? Mimi sijaona hata kilo ya sukari."

"Shamba la bondeni linaendeleaje?"

"Shamba lipi? Sema msitu. Nilitafuta kibarua wa kulima, nikampata mmoja, kumbe tulibatizwa mwaka mmoja. Asubuhi tulilima. Mchana tukawa tunauguzana."

Beatrisi alicheka mpaka mtoto akaamka mgongoni. Simu ilipokatika alikaa na sahani mkononi, chakula kikapoa.

Kitongojini kwao watoto wa darasa la kwanza, kwa maelezo ya Bertila, wanaenea kwenye madawati mawili. Nyumba zenye moshi jioni zinahesabika. Vijana wakimaliza shule wanafuata barabara. Wanaorudi hurudi Krismasi, na tarehe mbili wameshaondoka.

Mwezi wa nne alifariki Mzee Clemens, jirani yao wa miaka yote, aliyewajengea yeye na Abel dohani ya jikoni. Vijana wa Dar na wa Makambako walipigiwa simu. Rambirambi ziliingia siku hiyohiyo, tena nyingi. Lakini kaburi halichimbwi kwa simu. Wazee wanne walipokezana sururu mvua ikinyesha, mmoja anachimba, watatu wanahema. Wa kubeba jeneza hawakutimia. Ikabidi waombwe madereva wa bodaboda kule barabarani, vijana wasiomjua marehemu, wakambeba mbiombio wakarudi kusubiri abiria.

Beatrisi hakwenda. Habari ilimfikia asubuhi, kila mtoto ameshafika na mama zao wameshasambaa kazini. Angemwachia nani? Alifunga mlango wa uani kwa komeo, akawapikia viazi, na saa ambayo alijua Clemens anashushwa, alikuwa anamtawaza mtoto wa Erica.

"Nilimwosha yule mtoto huku nalia," anasema. "Akanishika shavu. Alidhani nalia kwa sababu yake."

Tangu siku hiyo alikusudia kumwambia Sila. Alijaribu jioni moja, Sila amekaa anaondoa grisi kuchani kwa kijiti.

"Sila mwanangu."

"Naam mama."

Akamtazama. Mwanawe amechoka, macho mekundu ya vumbi la barabara, na mvi zimeanza.

"Chumvi imeisha."

Sila akainuka akaenda dukani. Wiki zilizofuata alimwita tena na tena, na kila mara chumvi iliisha. Jackline alipofungua kabati akakuta pakiti tano hazijaguswa, alimwambia mumewe kwa sauti ya chini kwamba huenda mama ameanza kusahau. Beatrisi alisikia. Hakuwakatalia. Ilikuwa rahisi zaidi kuonekana amesahau kuliko kusema anachokumbuka.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, akina mama wote walifika na watoto wao, wamevaa vizuri. Uani kulikuwa na rundo la matofali ya kuchoma ambalo Beatrisi alidhani ni la jirani. Fundi Filbert alikuwepo na kamba na vigingi. Sila alivaa shati la kanisani na kutabasamu kama mtu aliyeficha kitu siku nyingi.

Erica akasimama.

"Bibi, tumekaa, tumekuamulia jambo. Chumba hiki kimekuwa kidogo. Tumechanga kila mtu na alichonacho, Baba Praygod ametoa kiwanja, tunakujengea chumba kikubwa. Sakafu ya saruji, na bati la kuangaza juu. Watoto thelathini wataenea bila kukanyagana!"

Vigelegele vilipigwa. Hyasinta alipiga vingi kuliko wote, mtoto wake akashtuka.

"Mwacheni kwanza achague dirisha," alisema Filbert. "Bibi, dirisha liangalie wapi?"

"Liangalie barabarani," alidakia mmoja, "atuone tunavyochelewa."

"Mtanunua miwani?" akauliza mwingine. "Maana kwa kuchelewa kwako wewe atahitaji na taa."

Watu wakacheka. Beatrisi alishuka taratibu akakaa juu ya matofali, mkono kwanza, halafu goti. Akawatazama mmoja mmoja. Wengi wao anawajua kwa harufu ya vitenge vyao.

"Nimewashukuru," alisema. "Chumba ni kizuri. Jengeni. Lakini msinijengee mimi."

Filbert akaacha kuvuta kamba.

"Mama," Sila akasema, "tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea. Mmenichosha, na hamkujua, kwa sababu sikusema. Kwetu mtu hajiagi, husubiri kuagwa. Nimesubiri, Sila. Kumbe nasubiri watu ambao hawajui kama nasubiri. Basi leo najiaga mwenyewe. Atakayesema nimewakimbia watoto, aseme."

Jackline alishika mdomo. Yalimjia yote kwa pamoja, mfuko ule kichwani na kicheko chake mwenyewe.

"Mama, nisamehe. Kweli, sikujua. Lakini hawa watabaki na nani? Mimi nikikosa ghalani siku mbili nafasi yangu inachukuliwa."

"Watabaki na Hyasinta. Huko hotelini anaosha sahani za watu mpaka vidole vinachubuka. Mpeni yeye hizo elfu moja. Ana mkono mzuri, nimemwona."

"Mimi bibi?" Hyasinta akashtuka. "Mimi hata wa kwangu ananishinda!"

"Anakushinda usiku. Mchana wanamshinda kila mtu, utazoea. Na wenzako kila mmoja ana siku ya mapumziko, wapokezane kukusaidia. Mko wengi hapa. Mtoto hawezi kukosa mgongo Makambako."

Erica aliinamisha kichwa akaanza kuhesabu vidole, nani anapumzika Jumatatu, nani Alhamisi. Mwenzake akamnong'oneza, "Mimi usinipe Jumatatu, gulio la Ilembula." Wakaanza kubishana kwa sauti ya chini, na Beatrisi akajua kwamba hilo litapata njia.

Kwa Sila haikuwa rahisi. Alikuja akachuchumaa mbele ya matofali, shati la kanisani likagusa vumbi.

"Mama, kule kuna nini? Wamebaki wazee tu. Hapa kuna umeme, mimi nipo, daktari yuko karibu."

"Daktari hata Tandala yupo. Na mimi je, ni kijana? Wenzangu wanazikwa, mimi nimefunga mlango huku natawaza. Mzee Clemens kabebwa na watu wasiojua jina lake."

"Nilituma hela, mama."

"Najua mwanangu. Zilifika."

Sila alitazama chini. Praygod alipita na tairi la baiskeli, akafukuzwa.

"Basi niambie leo," Sila akasema. "Usinizungushe. Unataka nini?"

Beatrisi alimtua mjukuu wa mgongoni, akampa mama yake. Akanyoosha mgongo kadiri ulivyokubali.

"Nataka kwenda nyumbani kwangu kabla mvua za kupandia hazijaanza. Nataka wewe unipeleke, ulale huko siku mbili, umkatie shangazi yako kuni, uone shamba la baba yako lilivyo. Nataka nilale mpaka niamke mwenyewe. Nipande viazi mistari miwili tu, nikichoka nikae palepale kwenye tuta, pasiwe na mtu analia. Na nataka nifike Tandala natembea kwa miguu yangu, Sila. Nisifike nimebebwa na watu wa kukodi."